Wadudu Wanaokula Mawe na Maziwa ya Mama Kabula

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo, maana jambo hili sipendi kulisema kwa sauti. Mimi ni mwalimu wa kemia, nafundisha sekondari moja pale Nachingwea, na watu wananijua kama mtu mtulivu, mtu anayenyoosha kola yake kabla ya kuandika ubaoni na anayerudia somo polepole mpaka mwanafunzi wa mwisho aelewe. Sasa mchukue mtu huyohuyo, umweke katikati ya uwanja wa mpira kwenye kijiji kimoja cha upande wa Namungo, Ruangwa, akikimbia kama anafukuzwa na nyuki, kiatu kimoja kimebaki nyuma, wachezaji wa timu mbili wanampisha, na kijiji kizima kinamtazama. Nimepata aibu nyingi maishani (niliwahi kupeana mkono na bwana harusi nikamwambia pole), lakini hii ndiyo inayonifanya hadi leo nipite Ruangwa nimeinamisha kofia. Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Hakuna kigumu hapa, utaelewa tu.

Yote yalianzia kwa Otmari. Huyu nilimfundisha zamani, alikuwa kijana wa kusinzia kwenye kipindi changu, na sasa ni kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Alinipigia simu akaniambia wana mawe ambayo vipimo vinaonyesha yana dhahabu, lakini wakiyaponda na kuyaosha hawapati kitu, na wamechoka kushika zebaki, wanaiogopa. Alikuwa amesikia kwamba kuna wadudu wanaokula mawe. Akaniuliza kama ni kweli au ni maneno ya vijiweni. Hakuna kitu kinachonifurahisha kama mtu kuniuliza swali, kwa hiyo hata sikumalizia chai yangu.

Ni kweli, nikamwambia, na jambo lenyewe ni rahisi. Dhahabu ya mawe yale imefungiwa ndani ya madini mengine yenye chuma na salfa, kama korosho ilivyofungiwa ndani ya ganda. Uoshe ganda la korosho kutwa nzima, hutakula korosho. Lakini kuna bakteria, vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni hicho chuma na hiyo salfa. Ukiwapa maji, hewa na joto, wanalitafuna ganda taratibu, wiki baada ya wiki, na dhahabu inabaki wazi. Basi tukatengeneza kasha la mbao, tukalitandika turubai, tukajaza mawe yaliyopondwa. Juu yake tukamwagia maji ya kahawia yaliyokuwa yanachuruzika kwenye shimo moja la zamani (vijidudu hao wanaishi humo humo, huna haja ya kuwaagiza mbali) na salfa kidogo, ileile tunayopulizia mikorosho. Katekista akaturuhusu tuliweke kasha uani kwa kigango, lile kanisa dogo la kijiji, ndani ya uzio. Nikawa naendesha pikipiki kutoka Nachingwea kila Jumamosi kwenda kuliangalia, kama mtu mwenye mgonjwa.

Jumamosi moja Otmari akaitisha watu waje waelezwe. Walijaa kwenye jengo la kigango, wachimbaji, wakulima, akina mama, na mbele kabisa akakaa Bi. Somoe, bibi wa Kimwera anayeheshimika sana pale, amempakata mjukuu wake. Mtoto huyo mama yake alifariki akimzaa, na bibi alikuwa anamlea kwa maziwa. Nilianza kueleza kuhusu chuma na salfa. Nilieleza vizuri, naapa, lakini bati lilikuwa linawaka kwa jua, na nikaona kichwa kimoja kinainama, cha pili kinainama, hata Otmari mwenyewe amerudia tabia yake ya shule.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kuwaamsha. Nikasema kwamba wadudu wa aina hii, huko kwenye nchi nyingine, wametumika kutoa hata urani kwenye mawe.

Wote wakaamka. Neno urani walikuwa wamelisikia redioni, ile ya mabomu, ile inayounguza mtu bila moto. Na mimi, badala ya kuliweka hilo neno chini taratibu na kurudi kwenye dhahabu, nilifurahi kuona macho yamefunguka, nikaendelea. Nikaeleza jinsi maji yenye vijidudu yanavyopitishwa kwenye lundo la mawe, jinsi wanavyoyafanya maji yawe makali, na jinsi urani iliyokuwa imejificha ndani ya jiwe inavyoyeyuka na kutoka na maji. Nikasema kwa kujivuna kwamba vijidudu hawa wanatoa kilichojificha ambacho wewe kwa macho yako usingejua kipo. Kumbuka maneno hayo. Mimi niliyakumbuka kesho yake.

Watu wakataka kuona. Uani palikuwa padogo, kwa hiyo tukalibeba kasha, vijana wanne wakihema, tukaliweka nje ya uzio, wakalizunguka, wakachungulia. Kulirudisha kukawa shida, vijana wameshatawanyika. Otmari akasema ticha, acha tu, tutalirudisha kesho baada ya ibada, nani ataiba mawe. Nikakubali. Nililala kwake usiku huo, nimeshiba ubwabwa na sifa.

Sasa nikwambie kuhusu Masanja. Ni mfugaji kutoka Kanda ya Ziwa, alikuja na familia yake na ng'ombe wake si muda mrefu, wakajenga pembeni mwa kijiji. Si kila mtu aliwapenda. Wapo waliosema ng'ombe watamaliza mashamba ya mbaazi, wakawa wanamsonga Mwenyekiti wa kijiji, Bakari, awaondoe, na yeye Mwenyekiti, mtu wa haki lakini mwenye kuchoka, akawa anawaambia subirini kwanza tuwaone. Kilichowaokoa ni maziwa. Mke wa Masanja, Mama Kabula, alikuwa anapeleka maziwa nyumba kwa nyumba, watu wakazoea kuweka kidogo kwenye chai, na chupa ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa ya mjukuu wa Bi. Somoe. Sisi tuliokulia huku hatukuwa na ng'ombe, mbung'o hawakuturuhusu. Kwa hiyo maziwa yale yalikuwa jambo jipya na zuri, na mtoto alikuwa ananenepa, kila mtu anamwona.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa kwenye ibada, Masanja akapitisha ng'ombe wake pale nje ya kigango akiwapeleka kunywa maji. Maji ya kasha langu, ukumbuke, hukauka juani, na juu ya mawe hubaki utando mweupe na wa njano wenye ladha ya chumvi. Na ng'ombe na chumvi unawajua, wenyewe huwatafutia magadi. Wakasikia harufu yake. Masanja anasema alishtukia tu kundi limegeuka. Tulipotoka kwenye ibada tukakuta kasha limepinduliwa, turubai limechanika, na ng'ombe wanalamba mawe yangu kwa raha zao, mmoja amefumba macho.

Sikuwahi kuona habari ikisafiri kwa kasi ile. Kabla hata sijalifikia kasha nilishasikia sauti nyuma yangu ikisema ng'ombe wamekula urani, na nyingine ikasema basi iko kwenye maziwa, na mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto akamfunika kwa kanga kana kwamba ng'ombe wangempulizia.

Nikajaribu kueleza. Nikasema mawe haya hayana urani, mmeyachimba wenyewe hapa miaka yote. Bi. Somoe akanitazama kwa uchungu, si kwa hasira, akasema: "Mwalimu, si wewe uliyesema jana kwamba wadudu wako wanatoa kilichojificha ambacho hatukijui?"  Ndugu yangu, kama hujawahi kunyamazishwa na sentensi yako mwenyewe, usiombe.

Mimi kilichonitia hofu ni ukali wa yale maji, maana ni machachu kama ndimu, basi nikambembeleza afisa mifugo wa kata, anayekaa jirani, aje awaangalie. Akaja, akawapapasa matumbo, akawatazama ulimi na macho, akasema wamelamba kidogo, wanacheua vizuri, hawana neno. Lakini hilo halikumsaidia mtu. Walisema urani haionekani kwa kupapasa. Mwenyekiti akapiga simu wilayani, akaahidiwa kwamba wataalamu wa kupima watakuja, siku itatajwa. Nao waliokuwa hawampendi Masanja wakaona siku yao imefika. Wakamwambia Mwenyekiti kwamba haiwezekani kusubiri wakati watoto wanakunywa sumu, ng'ombe waondoke leo.

Jioni hiyo kulikuwa na mechi ya kombe la kata. Mwenyekiti akaamua kwamba kwa kuwa watu wote watakuwa uwanjani, mkutano ufanyike hapohapo kabla ya mpira. Unaweza kufikiria. Timu mbili zimeshavaa jezi zinasubiri, mashabiki wamekuja hadi kutoka Mbwemkuru, na katikati ya uwanja imewekwa meza, Mwenyekiti, Masanja na mkewe upande mmoja, mimi upande mwingine kama mshtakiwa wa pili.

Masanja hakusema mengi. Alisimama, kofia mkononi, akaeleza kwamba huko walikopita waliondolewa mara nyingi, wakafika hapa wakaambiwa pana nafasi. Kisha akanigeukia mimi, si Mwenyekiti, akasema taratibu: "Mwalimu, mimi sina pa kwenda tena. Waambie ukweli wa mawe yako." Nikanyoosha kola yangu. Mtu huyu angefukuzwa na wanawe kwa sababu mimi nilitaka kuwaamsha watu waliosinzia.

Nikaongea. Nikaeleza na kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufunga. Mwisho Bi. Somoe akainuka, akasema maneno tumeyasikia, mwenye maneno ayanywe hayo maziwa.

 Nikasema nitakunywa. Mama Kabula akanisogelea na vyombo viwili, kibuyu cha maziwa ya mgando na sufuria ya maziwa ambayo hayajaganda, aliyoyakamua na kuyachemsha mchana ule, akaninong'oneza nichukue mgando, ni laini kwa mgeni. Na hapa kichwa changu cha kemia kikaniponza mara ya pili. Niliona kwamba mgando ni wa maziwa ya kabla ya ng'ombe kulamba, na tena umeshafanyiwa kazi na bakteria, na mtu mjanja atasema bakteria wamekula urani ndiyo maana sikudhurika. Nikataka ushahidi safi. Nikasema nipe hayo ya kuchemsha, na nikasema jaza kikombe, kile kikubwa cha bati cha wachezaji, nikainua juu watu waone, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikapindua kikombe juu ya kichwa.

Watu walipiga makofi, hata waliokuwa hawamtaki Masanja. Mwenyekiti akaanza kufunga mkutano. Mwamuzi akashika filimbi yake. Nikawa nimesimama pale nikitabasamu, na ndani ya tumbo nikasikia kitu kama mtu anayesogeza kabati.

Nikakaza mikanda, kama wasemavyo vijana. Kabati likasogezwa tena. Jasho likanitoka kwenye mdomo wa juu. Mwenyekiti akawa anamalizia, kwa hiyo ndugu wananchi kama mlivyoona wenyewe mwalimu ni mzima, na neno mzima lilikuwa bado mdomoni mwake nilipoondoka. Sikuaga. Choo cha karibu kilikuwa nyuma ya goli la upande wa pili, cha ukuta wa nyasi, kisicho na paa, na kati yangu na hicho choo ulikuwepo uwanja mzima wa mpira. Nilimpita beki, nikampita golikipa, kiatu kikabaki kwenye kumi na nane, sikugeuka.

Nyuma yangu nilisikia uwanja umelipuka. Urani. Imemshika mwalimu. Nikiwa nimechuchumaa humo ndani nilisikia miguu ya watu inakuja, mingi, ikasimama kuzunguka ukuta wa nyasi, na juu ya kelele zote nikasikia mtu anamwambia Masanja funga mizigo yako.

Hapo hofu ya aibu ikaniisha, ikabaki hofu ya Masanja kufukuzwa tu. Bi. Somoe akaita kutoka nje, akaniuliza kama bado ni mzima. Nikajibu nipo, bibi. Akauliza kama ni urani. Nikasema: "Siyo urani, bibi. Ni maziwa. Mimi sijawahi kunywa kikombe kizima cha maziwa tangu niwe mtu mzima."

 Kisha sauti ya Otmari, karibu sana na nyasi, ikasema sasa ticha, wote tunakunywa maziwa hayohayo.

Basi nikaeleza. Nimefundisha kwenye madarasa mazuri, yenye ubao na chaki za rangi, lakini sijawahi kueleweka kama nilivyoeleweka kutoka ndani ya choo cha nyasi, nimeshika ukuta kwa mkono mmoja. Nikawaambia kwamba maziwa yana sukari yake ndani. Mtoto mchanga tumbo lake linajua kuivunja, ndiyo maana mjukuu wa bibi ananenepa. Wengi wetu tukikua uwezo huo unapungua, na nyinyi mnaweka kijiko kwenye chai, tumbo halijui hata kama kimepita, lakini mimi nimemwaga kikombe kizima. Ile sukari imefika chini haijavunjwa, na huko chini kuna vijidudu, bakteria, wanaishi kwenye tumbo la kila mmoja wenu, wamepata karamu, wanakula, wanatoa gesi, na matokeo mnayasikia. (Kwa kweli walikuwa wanayasikia.) Mgando wa Mama Kabula usingenifanya hivi sana, kwa sababu vijidudu wa kwenye kibuyu wameshaila sehemu kubwa ya sukari hiyo.

"Kwa hiyo tumbo lako ni kasha," akasema Otmari.

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile kicheko hakikuniuma. Nikamwambia ndiyo, Otmari, hapo umepata alama zote. Tumbo langu ni kasha. Vijidudu wa tumboni wanakula sukari ya maziwa, vijidudu wa kwenye kasha wanakula chuma na salfa, na hakuna kati yao anayeumba kitu. Wanakula kilichopo. Nisipokunywa maziwa, hakuna gesi. Kama jiwe halina urani, hata uwaweke wadudu hao miaka, hawatatoa urani, kwa sababu hawawezi kutoa kisichokuwemo. Jana nilisema wanatoa kilichojificha, nilisema vibaya, ningesema wanafungua kilichofungwa.

Nje kulikuwa na minong'ono. Ndipo Mwenyekiti Bakari akakohoa, akasema ameelewa, lakini maneno yaliyosemwa chooni hawezi kuyapeleka kwenye uamuzi wa kijiji. Akataka kitu cha kuonekana. Nikamwambia kipo. Nikasema kesho niletewe maziwa ya ng'ombe mwingine kabisa, ambaye hajawahi kukanyaga Ruangwa, nitakunywa kikombe kilekile, mbele ya watu walewale. Kama nitakimbia tena, basi kinachonikimbiza ni maziwa, si mawe.

Bi. Somoe akauliza kwa upole: "Na usipokimbia?"

Mwenyekiti akajibu kwa niaba yangu kwamba nisipokimbia, Masanja ataondoka jioni hiyohiyo.  Mechi nayo ikasogezwa hadi kesho, giza lilikuwa limeingia, na mashabiki wa Mbwemkuru wakanilaani kwa majina yote.

Kesho yake mchana Otmari na Mwenyekiti walipanda pikipiki hadi Nachingwea mjini, kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe wake bandani, hamwachii kutoka hata kwenda barabarani. Mwenyekiti akashuhudia ng'ombe huyo akikamuliwa. Maziwa yakaja kwenye kidumu, na Bi. Somoe hakumwachia mtu kuyachemsha, aliyachemsha kwa moto wake mwenyewe. Uwanja ulijaa kuliko jana. Upande wa pili, nje ya mstari, niliona ng'ombe wa Masanja wamekusanywa pamoja, na mkokoteni umepakiwa magodoro, sufuria na kuku kwenye tenga. Hawakutaka kufukuzwa gizani, ndiyo maana walijiandaa mapema.

Nikanywa. Safari hii sikupindua kikombe kichwani. Nikakaa kwenye kiti, Mwenyekiti akatangaza kwamba tutasubiri mpaka saa ya mpira, tukasubiri.

Hakuna kilichotokea.

Tukasubiri tena. Wachezaji wakaanza kupasha misuli, mwamuzi akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatikisa kichwa. Nikajipapasa tumbo kwa siri. Limetulia kama maji ya mtungini. Maisha yangu yote nimeliomba tumbo hili lisiniaibishe mbele za watu, na siku ile nilikuwa nalibembeleza liniaibishe, tafadhali, sasa hivi, kwa nguvu zote. Mtu mmoja nyuma akasema mnaona, ya Nachingwea hayamfanyi kitu. Mtu wa pili akaitikia. Masanja akainama akaanza kukagua kamba za mkokoteni.

Nitakwambia ukweli, niliwaza kuinuka na kukimbia tu. Nani angejua? Lakini Bi. Somoe alikuwa amesimama kando ya kile choo cha nyasi, ametulia, mikono nyuma, na nikaelewa kwamba amejiweka pale awe shahidi. Na hata asingekuwepo, nilikuwa nimewaambia watu wale kwamba jambo hili linapimika. Ukidanganya kwenye kipimo, umekosa hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Nikabaki kwenye kiti, mikono magotini.

Mwenyekiti akasimama. Akasema kwa sauti nzito kwamba ndugu wananchi, muda tuliojipa umekwisha. Mama Kabula akajifunika uso kwa kanga.

Na hapo, ndugu yangu, kabati likasogea.

Likasogea mara moja tu na halikuniuliza. Nilisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka, nikaondoka, na nakwambia hata timu ya kata haijawahi kushangiliwa vile. Watu walikuwa wanaruka, wanapiga madebe, wanaume wazima wanakimbia sambamba nami pembeni mwa uwanja wakinielekeza njia kana kwamba siijui. Golikipa alinishikia mlango wa nyasi. Nikaingia.

 Nikasikia kandambili za Bi. Somoe zinasogea hadi ukutani, zikasimama. Alisikiliza. Alisikiliza kwa muda unaotosha mtu makini kuridhika, na sina la kusema zaidi kuhusu muda huo. Kisha zikaondoka, na nikamsikia akiwaambia watu wote, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani: "Ni kweli. Ni maziwa."

Sikutoka haraka. Nilipotoka, mpira ulikuwa umeshaanza na hakuna aliyenitazama, nikashukuru. Kuku wa Masanja walikuwa wameshatolewa kwenye tenga. Nilimwona Bi. Somoe ameketi chini karibu na Mama Kabula, chupa ya mtoto mkononi, wanasubiri mkamuo wa jioni. Wataalamu walikuja baadaye na vipimo vyao, wakapima mawe, wakapima kasha, wakasema ni mawe ya kawaida ya pale, na wakanishauri kasha liwe na mfuniko na kufuli. Lina mfuniko na kufuli. Vijidudu wangu wanaendelea kula, na Otmari siku hizi ndiye anayewaeleza wageni, na anaeleza vizuri, ila kila mara anaanza na habari za tumbo langu.

Nimeapa sitamwamsha tena mtu aliyesinzia kwa kumtisha, afadhali alale. Na wewe, ukitaka kueleza watu jambo geni, fanya hivi: kabla hujataja kitu cha kuogopesha, sema kwanza kiko wapi na kwamba hapa hakipo, subiri mtu mmoja arudie maneno hayo kwa mdomo wake, ndipo uendelee. Na kama hujazoea maziwa, anza na kijiko kimoja, nyumbani kwako, siku ambayo huna mkutano.